La mgambo halikulia

Siku tingatinga lilipoingia nyuma ya nyumba yetu nilikuwa nimelala fofofo. Ilikuwa Februari 2023, siku yangu ya mapumziko. Mimi kazi yangu ni kupeleka barua, siku za kazi naondoka nyumbani alfajiri kabla kunguru hawajaamka, kwa hiyo siku ya kupumzika huniamshi kirahisi. Mke wangu akanitikisa bega. "Baba watoto, amka. Wanavunja."

Nyuma ya ua wetu palikuwa na safu ya magaraji 14 ya kizamani, mabati yameliwa na kutu, milango imepinda, hayana faida kwa mtu isipokuwa paka na vijana waliojificha humo kuvuta sigara. Sikuyapenda wala sikuyachukia. Kufika adhuhuri manne yalikuwa kifusi. Mke wangu kasimama kwenye dirisha la jikoni, mikono kiunoni, akauliza: "Kwani nani kaulizwa?"

Kwa ujuaji wangu nikamjibu hakuna aliyeulizwa. Nikaanza hotuba. Nchi za watu hizi, mwenye pesa anafanya atakalo, mnyonge ataambiwa na vumbi. Nikatoka na hotuba yangu mpaka nje, nikamkuta jirani wa nambari 41, mzee wa Kiingereza aliyestaafu kazi ya reli, naye kasimama kwenye uzio wake anaangalia. Nikamwaga yote. Akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu: "Umeulizwa. Tumeulizwa wote. Barua ililetwa."

Ililetwa! Na mimi ndiye mpeleka barua.

Naishi England, katika mji wa wastani ambao sitautaja, maana bado nataka kuishi nao kwa amani. Jioni ile nikafungua tovuti ya halmashauri, sehemu ya maombi ya ujenzi. Kila ombi lina namba yake: tarakimu mbili za mwaka, mkwaju (/), namba ya foleni, mkwaju tena, kisha herufi za aina ya ombi. Hili letu lilikuwa la mwaka 2021, na mwisho wake FUL, yaani ombi kamili. Nikabonyeza. Ndani kulikuwa na ramani, michoro ya kila upande wa jengo, ripoti ya miti, ripoti ya popo (naam, popo, ndege asiye ndege, hapa analindwa kwa sheria), na chini kabisa orodha ya nyumba zilizoandikiwa barua. Nyumba 22, zetu zikiwamo. Nambari 37, tarehe ya barua: Alhamisi moja ya Oktoba 2021.

Sikuikumbuka barua hiyo. Lakini nilijua ilikokwenda, kwa sababu najua zote za namna hiyo zinakokwenda. Bahasha ya halmashauri haikuwa na jina langu wala la mke wangu. Juu yake imeandikwa "Kwa Mwenye Nyumba au Mkazi". Siku nzima mimi nagawa bahasha za Kwa Mkazi: piza, madirisha mapya, intaneti ya kasi, daktari wa meno anayetafuta wateja. Mgongo unauma kwa ajili ya huyo Mkazi, ambaye katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumwona akizifungua. Nyumbani kwetu utaratibu ni huo huo. Yenye jina inawekwa juu ya friji. Ya Mkazi inakwenda moja kwa moja kwenye pipa la karatasi, na anayeipeleka, wallahi, huwa ni mimi.

Kwa hiyo kabla sijaendelea naomba hotuba ile ya asubuhi ifutwe.

Tangu hapo nimesoma sheria hii kuliko alivyotarajia mtu yeyote, mwenyewe nikiwemo. Wengi wenu mnaosoma hapa mko ughaibuni kama mimi, na wengine mna nyumba au mnapanga kununua, basi nitaeleza kama ninavyomweleza mtu kibarazani.

Mambo yalianza na sheria ya mipango miji ya mwaka 1947, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 1948. Tangu siku hiyo, kumiliki kiwanja Uingereza na kuwa na haki ya kujenga juu yake ni vitu viwili mbalimbali. Ardhi yako, lakini kujenga uombe, na unayemwomba ni halmashauri. Halmashauri nayo kabla ya kujibu lazima iwatangazie watu. Jinsi ya kutangaza imeandikwa katika kanuni za mwaka 2015, na hapo ndipo kuna neno dogo ambalo limenitoa usingizi: "au".

Kwa ombi la kawaida, halmashauri itatakiwa kubandika tangazo mahali penyewe au karibu yake kwa siku zisizopungua 21, AU kuwaandikia barua majirani wanaopakana na kiwanja. Si lazima vyote viwili. Afisa anachagua. Juu ya hapo ataweka habari kwenye tovuti. Sasa ukikuta halmashauri inayopenda barua, nguzo zote za taa za mtaa wako zitakuwa tupu. Ukikuta inayopenda karatasi za kwenye nguzo, hutapata barua, na wasiopita mtaa ule kwa miguu hawatajua. Binamu yangu yuko Glasgow, na Uskoti wana sheria yao: huko tangu Agosti 2009 ni halmashauri inayomwandikia kila jirani ambaye ardhi yake iko ndani ya mita 20 kutoka mpaka wa kiwanja. Mita 20 unaweza kuzipima kwa hatua zako mwenyewe. Hilo nimelipenda.

Tangazo la gazetini lipo pia, ila si kwa kila ombi. Ombi likiwa kubwa lazima litangazwe katika gazeti la eneo hilo, na vivyo hivyo likigusa jengo la kihistoria au mtaa uliohifadhiwa. Kubwa maana yake nini? Kwa nyumba za kuishi, kuanzia kumi. Na jengo la nyuma ya ua wetu lina makazi mangapi? Tisa. Mzee wa nambari 41 aliponiambia hivyo alicheka kikohozi chake cha sigara. "Tisa," akasema, "ni namba ya bahati kwa wajenzi wa nchi hii." Ukifika kumi unaingia kundi lingine kabisa: gazeti, muda wa uamuzi wiki 13 badala ya 8, na halmashauri inaweza kukudai nyumba za watu wa kipato cha chini. Ukibaki tisa, mambo mepesi. Sisemi kuna aliyevunja sheria. Hakuna. Nilivyoisoma mara ya tatu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kila kitu kilifuatwa, na hilo ndilo lililoniuma.

Maana hebu tazama yaliyoandikwa kwenye barua yenyewe, ambayo nimeichapisha sasa na ninayo mezani. Kwa Kiswahili changu inasema: ujenzi wa jengo lenye sehemu ya ghorofa mbili na sehemu ya ghorofa tatu, lenye makazi tisa yanayojitegemea, pamoja na maegesho ya magari, hifadhi ya baiskeli na uzio, baada ya kubomoa majengo yaliyopo. Hakuna neno garaji. Anwani iliyotajwa ni "ardhi iliyo upande wa nyuma wa" nambari fulani hadi fulani za barabara nyingine, ile inayopita upande wa pili, ambako hakuna mtu wa barabara yetu anayekwenda. Hata ningeifungua siku ile, ningeona barabara si yetu nikaitupa kwa amani zaidi.

Na hizo ghorofa. Kwetu Tanga ukisema nyumba ya ghorofa mbili wengi wataelewa chini na mbili juu yake, maana chini hatuhesabu, chini ni chini. Waingereza kwenye maombi ya ujenzi wanahesabu kuanzia ardhini. Mke wangu alipoisoma aliona jengo refu kuliko lilivyo, akalia bure kidogo. Nikamwambia punguza moja. Akasema bado ni refu. Kweli.

Lililomliza hasa ni madirisha. Sisi tuna kiua nyuma, si kikubwa, kamba mbili za nguo, sufuria tatu za mchicha, na jiko la mkaa tunaloliwasha jua likitoka. Ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambapo mke wangu anakaa kichwa wazi, kanga kifuani, anasuka watoto nywele kama yuko uani kwa mama yake. Watu wa pwani mnajua ua ni nini. Sasa ghorofa ya juu ya jengo lile ina madirisha manne yanayotazama humo moja kwa moja, kama watu waliokaa jukwaani.

Nilipofika kwenye hati ya kibali, iliyotolewa Desemba 2021, nikasoma masharti moja moja. Sharti la 7 linasema madirisha ya upande wa mashariki yawe ya vioo visivyopitisha sura, na yasifunguke chini ya mita 1.7 kutoka sakafuni. Upande wa mashariki ni upande wa nambari 41. Upande wetu ni kusini. Kusini halikutajwa.

Nikaenda kumuuliza mzee. Akasema, bila kujisifu, kwamba aliandika mistari minne. Alisema madirisha yale yataangalia chumba anacholala mke wake mgonjwa. Basi. Hakuandika kupinga jengo. Aliomba vioo.

Waliotoa maoni katika nyumba 22 walikuwa watatu. Mmoja yeye. Wa pili alilalamikia maegesho. Wa tatu aliandika kurasa mbili juu ya nungunungu wadogo wa Kizungu wanaopita chini ya uzio, na nungunungu nao wakapewa sharti lao: tundu la kupitia chini ya uzio mpya. Nungunungu wana sharti. Sisi hatuna.

Nilijaribu kuuliza kama naweza kukata rufaa. Hapana. England mwombaji akinyimwa kibali anaweza kukata rufaa kwa mkaguzi wa serikali, ana miezi sita, lakini jirani hana rufaa. Kilichobaki ni kwenda Mahakama Kuu kudai kwamba utaratibu ulikiukwa, ndani ya wiki sita tangu uamuzi utolewe, kwa gharama ambayo mshahara wangu ukiisikia unaugua. Na mimi nilijua habari miezi 14 baada ya uamuzi, maana kibali kwa kawaida kinampa mtu miaka mitatu ya kuanza kazi, naye mjenzi wetu alianza alipokuwa tayari. Rafiki yangu wa Mombasa, anayeendesha basi hapa hapa mjini, alinicheka. Kwao, akasema, sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inamruhusu hata jirani mwenye manung'uniko kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti, ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Nikamuuliza ni wangapi anaowajua waliowahi kufanya hivyo. Akanywa chai.

Babu yangu upande wa mama alikuwa mtu wa Pangani. Alitusimulia habari za mpiga mbiu: anapita mitaani na pembe, anaipuliza kwanza, watu wanatoka vibarazani, wanawake wanasogea madirishani, ndipo anasema alichotumwa. La mgambo likilia, kuna jambo. Mimi pembe sikuikuta. Nilichokikuta miaka ya 1980 pale Ngamiani, Barabara ya 12, ni gari la matangazo lenye spika mbili juu ya paa. "Ndugu wananchi, ndugu wananchi." Leo chanjo, kesho maji yatakatika, keshokutwa mpira Mkwakwani. Na alikuwepo mjumbe wa nyumba kumi. Huyu alipiga hodi, akakaribishwa kahawa, akauliza hali ya mgonjwa, akamaliza habari zote za mtaa, kisha akiwa anavaa viatu ndiyo anakwambia kilichomleta. Ukikosa kusikia gari, hukumkosa mjumbe, hata kama ungependa umkose.

Nisije nikawadanganya vijana, kwamba kwetu kila kitu tuliambiwa. Kuna watu waliojua kwamba nyumba yao iko njiani siku walipokuta X nyekundu ukutani. Waliobomolewa pembeni mwa Barabara ya Morogoro kule Kimara mwaka 2017 wanaijua X hiyo kuliko mimi. X ni tangazo fupi kuliko yote niliyowahi kuyaona, na linasomwa na kila mtu, aliyesoma na asiyesoma. Halina tarehe ya mwisho ya kupokea maoni.

Hii karatasi ya Uingereza iko kinyume chake. Tarehe ya mwisho inayo, maoni inayataka kweli kweli, afisa atayasoma na lazima ayapime kabla ya kuamua. Haina pembe tu.

Tangu mwaka ule nimekuwa nazisoma karatasi zote za matangazo ya ujenzi kwenye njia yangu ya kazi. Wapeleka barua tunatembea sana, na zile karatasi ziko usawa wa macho yangu kuliko ya mtu yeyote mjini. Halmashauri yetu ya sasa inatumia za njano, zimevishwa nailoni, zimefungwa kwenye nguzo ya taa kwa vile vikamba vya plastiki vinavyokazwa. Maji yanaingia juu, yanashuka hadi kwenye tarehe. Mara nyingi tarehe ndiyo ya kwanza kufutika. Waliotunga kanuni walilifikiria na hilo: tangazo likiondolewa au kuchafuliwa kabla ya siku 21 bila kosa la halmashauri, inahesabiwa kuwa imetimiza wajibu, mradi ilichukua hatua za kuridhisha kulilinda na kulirudishia inapobidi. Yaani mvua imeandaliwa nafasi yake kwenye sheria. Nguzo zenyewe wanazozichagua! Nimeona tangazo la nyumba ya makazi likiwa limefungwa nyuma ya nguzo, limetazama kichaka. Nimeona matatu kwenye nguzo moja, la juu limefunika la chini. Nimeona mbwa akifanya haja yake kwenye la mtaa wa kanisa huku mwenye mbwa akilisoma, na huyo ndiye mtu pekee niliyemwona akisoma wiki ile.

Ukiisoma na ukataka kuandika, jua wanachokisikiliza. Usiandike kwamba nyumba yako itashuka bei, hawahesabu. Usiandike kwamba utakosa mandhari uliyokuwa ukiitazama, nalo hawahesabu, na usiandike juu ya tabia ya jirani, hiyo utajiaibisha bure kwa sababu maoni huwekwa tovutini watu wakayasoma. Andika mwanga utakaopotea, kuchunguliwa, kelele, magari, ukubwa usiolingana na mtaa. Andika unachokiomba, si unachokikataa tu. Na tarehe ikipita usikate tamaa kabla hujatazama tovuti: kama uamuzi haujatoka, afisa bado anaweza kuyapokea. Maombi mengi hayafiki hata kwenye kikao cha madiwani, yanaamuliwa na afisa mezani kwake, kwa hiyo anayesoma barua yako ni mtu mmoja mwenye kikombe cha chai na mafaili mengine thelathini. Mwandikie mistari minne, kama mzee wa reli.

Mwaka jana tukajikuta upande wa pili wa karatasi. Jumuiya yetu ya Waswahili, watu wa Zanzibar, Tanga, Mombasa, Lamu na ndugu zetu wa Barawa, ilipata duka kuukuu la mazulia la kukodi, tulifanye mahali pa madrasa ya Jumamosi na shughuli zetu. Kutoka duka kuwa mahali pa mafundisho ni kubadilisha matumizi ya jengo, na kibali kinatakiwa. Kamati yetu ikataka tunyamaze, tangazo libandikwe, siku 21 zipite. "Wakisoma watapinga," akasema mwenyekiti, "wasiposoma afadhali." Nikamwambia mwenyekiti, kwa heshima zote, kwamba hiyo ndiyo akili iliyoniwekea madirisha manne juu ya mke wangu.

Tukabishana wiki mbili. Mwishowe akina mama ndio waliomaliza: wakakaanga sambusa. Jumapili moja mchana, kabla karatasi ya njano haijafungwa, tukagawana mtaa. Nyumba 40, kila mlango sambusa nne kwenye karatasi na maelezo ya mistari mitano: sisi ni nani, tutakuwa wangapi, saa ngapi tutaingia na kutoka, magari yatakaa wapi, simu ya kupiga tukikosea. Bila maneno ya "matumizi ya daraja fulani kwenda daraja fulani". Mpemba mmoja katika kundi letu, fundi umeme asiyependa maneno mengi, alirudi ameitwa ndani nyumba tatu na kuonyeshwa picha za wajukuu.

Maoni yalikuwa kumi na moja. Saba yaliunga mkono. Manne yalipinga kwa sababu ya magari, na mmoja wa wale wanne namkumbuka vizuri, alichukua sambusa zake nne, akaniuliza kama zimebaki nyingine, nikampa mbili. Ni haki yake. Kibali kikatoka na masharti: watu wasiozidi 60, tufunge saa nne usiku, madirisha ya nyuma yafungwe wakati wa kisomo. Mwenyekiti anasema sambusa ziliongeza wapingaji. Inawezekana. Mimi nasema yule wa sambusa sita sasa ananisalimia.

Siku hizi nina kazi nyingine isiyo na mshahara. Nikikuta karatasi mpya njiani naipiga picha, na nikipumzika kula narekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Naanza kila mara na "Ndugu wananchi", kwa mzaha, halafu nasema kinachoombwa kwa Kiswahili cha kawaida, nataja tarehe ya mwisho mara mbili. Watoto wetu wanauita ujumbe huo mgambo. Mke wangu ameniambia sauti yangu ni mbaya kuliko pembe.

Wiki iliyopita nilirekodi moja niliyojivunia. Jengo la ofisi linataka kugeuzwa vyumba vya kukodisha. Nikataja namba ya ombi, namba ya jengo, jina la barabara, msimbo wa posta, vyumba 24, mwisho wa maoni tarehe 19. Nikapeleka, nikamaliza mkate wangu. Dakika mbili hazijapita, bibi mmoja wa Kibajuni, ambaye ana miaka zaidi ya thelathini katika mji huu na hajawahi kuhitaji jina la barabara hata moja, akanijibu kwa sauti yake ya taratibu:

"Mwanangu, nimesikia yote. Ni wapi hapo? Upande wa bucha, au upande wa ule mti uliokatwa?"

Upande wa bucha, bibi. Nimerudia kurekodi.